Sura ya 4: Wanaokufa Mmoja Mmoja

Mwaka 2024 watu 4,748 waliuawa katika barabara za Kenya, yaani karibu watu 13 kila siku. Idadi hiyo ilitolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, kutokana na taarifa za polisi, nayo ni kubwa kuliko ya mwaka wowote kati ya mitano iliyotangulia. Mwaka 2019 waliokufa walikuwa 3,572. Mwaka 2020 wakawa 3,975, mwaka 2021 wakafika 4,579, na mwaka 2022 wakawa 4,690. Mwaka 2023 idadi ilishuka hadi 4,324, kushuka kulikozua matumaini yasiyodumu hata miezi 12.

Katika mfululizo huo, mwaka 2020 unastahili kuangaliwa kwa makini. Huo ulikuwa mwaka wa korona. Kafyu ilianza Machi, Nairobi na Mombasa zikafungwa kwa wiki kadhaa, shule zikafungwa, na matatu zikaamriwa kubeba abiria wachache kuliko viti vyake. Mabasi ya usiku yalisimama. Kama kiini cha vifo vya barabarani kingekuwa basi la masafa marefu linalokimbizwa usiku, mwaka huo ungekuwa wa ahueni. Badala yake, vifo viliongezeka kwa zaidi ya asilimia 10. Wakenya waliokuwa wakifa walikuwa hasa mahali pengine: kandokando ya barabara, wakivuka, au juu ya pikipiki.

Polisi huhesabu kifo wanachokijua. Ofisa wa trafiki hufika kwenye ajali, hupima, huandika katika kitabu cha matukio, na taarifa hupelekwa makao makuu. Majeruhi akifa wiki mbili baadaye katika hospitali ya kaunti nyingine, aliyeandika taarifa ya kwanza huenda asipate habari. Mwendesha bodaboda akianguka korongoni usiku, akaokotwa na majirani na kufia zahanati, huenda polisi wasiitwe kamwe. Kwa kipimo kinachokubalika kimataifa, kifo cha barabarani ni kile kinachotokea ndani ya siku 30 tangu ajali, lakini kipimo hicho kina maana pale tu rekodi za hospitali, za polisi na za usajili wa vifo zinapokutanishwa. Mwaka 2016 polisi wa Kenya waliripoti vifo 2,965. Shirika la Afya Duniani, kwa kutumia hesabu za kitakwimu zinazozingatia idadi ya watu, magari, uchumi na ubora wa usajili wa vifo, lilikadiria kwamba mwaka huo huo Wakenya 27.8 kati ya kila 100,000 walikufa barabarani. Idadi hiyo inazidi watu 13,000, mara nne na zaidi ya ile ya polisi.

Pengo la namna hiyo si la Kenya peke yake. Nchini Tanzania, takwimu za polisi zinaonyesha vifo vikishuka kutoka zaidi ya 3,000 mwaka 2015 hadi chini ya 1,500 mwaka 2019, huku makadirio ya Shirika la Afya Duniani kwa mwaka 2016 yakiwa ni vifo 29.2 kwa kila watu 100,000. Nchi mbili jirani, zenye magari, barabara na desturi za udereva zinazofanana sana, zinaonekana katika taarifa za polisi kana kwamba zimekwenda pande tofauti, ilhali katika makadirio ya shirika hilo zinakaribiana. Kwa hiyo idadi ya polisi isomwe kama kiwango cha chini. Inafaa kuonyesha nani anakufa na wapi, na inafaa kulinganisha mwaka mmoja na mwingine mradi namna ya kuhesabu haijabadilika. Haifai kuchukuliwa kuwa ndiyo hasara yote ya taifa.

Jambo moja halibadiliki mwaka hata mwaka: waenda kwa miguu ndio wengi zaidi. Zaidi ya theluthi moja ya wote wanaouawa katika barabara za Kenya hawakuwa ndani ya chombo chochote. Wanafuatwa na waendesha pikipiki pamoja na abiria wao. Abiria wa matatu na mabasi, ambao vifo vyao hujaza kurasa za kwanza za magazeti, huja nyuma ya makundi hayo mawili. Wengi wa wanaokufa ni vijana na watu wa makamo, wanaume kuliko wanawake, watu ambao nyumba zao zinategemea kipato chao cha kila siku. Ulimwenguni kote majeraha ya barabarani ndiyo yanayoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Kati ya vifo takriban milioni 1.19 vilivyokadiriwa kwa mwaka 2021, zaidi ya asilimia 90 vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Sababu ya waenda kwa miguu kuwa wengi inaanzia kwenye barabara yenyewe. Jijini Nairobi, watu zaidi ya 4 kati ya 10 hufanya safari zao kwa miguu, na hata anayepanda matatu hutembea hadi steji na kutoka steji. Hata hivyo, kwa miongo mingi barabara zimechorwa kwa ajili ya gari. Barabara Kuu ya Thika ni mfano mzuri, kwa sababu ni kazi ambayo nchi iliionea fahari kwa haki. Ilikamilika mwaka 2012, yapata kilomita 50 kutoka Nairobi hadi Thika, na mahali pengine ina njia nane. Ilipunguza saa za safari, ikafungua miji ya Ruiru na Juja. Lakini ilipita katikati ya mitaa ambayo wakazi wake walikuwa wamezoea kuvuka barabara kwenda sokoni, shuleni na kazini, na madaraja ya kuvukia yalikuwa machache na yenye umbali mrefu baina yake. Mtu aliyetaka kufika ng'ambo, mita 30 mbele yake, alitakiwa kutembea mbali kwenda darajani, kupanda, kushuka na kurudi. Wengi waliruka ukingo, na wengi waligongwa. Kumlaumu mvukaji kwa uzembe ni rahisi, na polisi huandika hivyo katika taarifa zao. Ila barabara inayomtaka mama mwenye mzigo kichwani azunguke robo saa ili avuke imekwisha kuamua kwamba wengine watavuka mahali pabaya.

Hali ya namna hiyo ilijirudia wakati wa ujenzi wa Barabara ya Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa mwaka 2022. Ilijengwa juu ya Barabara ya Mombasa, Uhuru Highway na Waiyaki Way. Chini yake, katika sehemu kadhaa, njia za miguu zilivurugwa, nao wafanyakazi wa viwandani wanaotembea alfajiri na jioni wakabaki kubanana na magari. Kaunti ya Nairobi ilikuwa imepitisha sera ya usafiri usiotumia injini mwaka 2015, ikikusudia kwamba sehemu ya tano ya fedha za barabara itumike kwa njia za miguu na baiskeli. Sera haikosekani. Kilichokosekana ni mchoro wa barabara unaoanza na mwenda kwa miguu badala ya kumkumbuka lami ikishakauka.

Mwendo ndio unaoamua kama atakayegongwa atapona. Nguvu ya mgongano hukua kwa mraba wa kasi: gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hubeba nguvu mara nne ya lile linalokwenda 50. Kutoka kilomita 50 hadi 65, ongezeko ambalo dereva halihisi hata kidogo, uwezekano wa kumuua mtu anayegongwa kwa mbele ya gari hupanda mara nne na nusu. Dereva wa kilomita 80 kwa saa husafiri mita 22 katika sekunde moja ya kushtuka, kabla mguu wake haujakanyaga breki. Sheria ya Kenya inaweka kikomo cha kilomita 50 mijini na 80 kwa magari ya abiria na malori. Lakini mji wa barabara kuu, kama ilivyo katika nyingi za sehemu zenye sifa mbaya, ni msururu wa vibanda, kituo cha mafuta na steji ya bodaboda pande zote mbili za lami pana iliyonyooka. Hakuna kinachomwambia dereva wa trela kwamba ameingia mjini isipokuwa kibao, kama bado kipo.

Kundi la pili, la pikipiki, lina historia fupi na ya haraka. Mwaka 2005 pikipiki mpya zilizosajiliwa nchini hazikufika 5,000. Mwaka 2008 serikali ilipunguza kodi za pikipiki ndogo, na pikipiki za bei nafuu kutoka India na Uchina zikaingia kwa wingi. Mwaka 2020 zilisajiliwa zaidi ya 240,000. Bodaboda ilijibu haja ya kweli: ilifika vijijini ambako matatu haifiki, ikampeleka mjamzito hospitali usiku, ikawapa kazi vijana ambao hakuna mwajiri aliyewaita. Aliyeingia kazini kwa njia hiyo mara nyingi alijifunza kuendesha kwa rafiki, siku mbili tatu uwanjani, kisha akaanza kubeba watu. Wengi huendesha pikipiki ya mtu mwingine na kumpelekea mwenyewe kiasi maalumu kila jioni, hivyo kila dakika ya kusimama ni hasara, na abiria wa pili au wa tatu kwenye kiti ni faida.

Marekebisho ya Sheria ya Trafiki ya mwaka 2012 yanamtaka mwendesha pikipiki abebe abiria mmoja tu, na wote wawili wavae helmeti na koti linalong'aa. Koti limeenea kwa kiasi. Helmeti ya abiria ndiyo iliyoshindikana: abiria huikataa kwa sababu imevaliwa na vichwa vingi kabla ya chake, kwa sababu inaharibu nywele zilizosukwa, au kwa sababu safari ni fupi. Ni sababu zinazoeleweka, na hakuna mpango utakaofaulu bila kuzijibu. Helmeti iliyofungwa vizuri hupunguza uwezekano wa kufa kwa zaidi ya asilimia 40, na majeraha ya kichwa kwa kiwango kikubwa zaidi. Hakuna kifaa kingine cha bei hiyo kinachookoa uhai mwingi kiasi hicho katika barabara za Afrika Mashariki.

Dola, kwa upande wake, imezoea kuamka baada ya basi kuanguka. Hatua iliyokumbukwa zaidi ni ile ya John Michuki, waziri wa uchukuzi, ambaye Oktoba 2003 alitoa kanuni zilizoanza kutumika tarehe 1 Februari 2004. Kila matatu ilitakiwa kuwa na mishipi ya usalama kwa kila abiria, kidhibiti mwendo cha kilomita 80, mstari wa manjano ubavuni, na dereva na makanga wenye sare na vitambulisho. Kusimama ndani ya gari kukakomeshwa. Siku ya kwanza magari mengi yalibaki nyumbani na maelfu ya watu wa Nairobi wakaenda kazini kwa miguu, lakini serikali haikulegea. Vifo vilipungua mwaka huo. Jina la Michuki likawa ndilo jina la sheria zenyewe, na hadi leo Mkenya anayelalamikia fujo za matatu husema zirudishwe.

Mafanikio hayo hayakudumu, na kisa chake kina mafunzo. Vidhibiti mwendo vilianza kuchezewa. Mishipi ilichakaa bila kubadilishwa. Ukaguzi barabarani ukageuka kuwa mahali pa kukusanyia hongo, na makanga akajua bei ya kila kosa. Baada ya miaka michache vifo vilikuwa vimerudi pale vilipokuwa na kupita. NTSA iliundwa kwa sheria ya mwaka 2012 ili kuwe na chombo kimoja cha leseni, ukaguzi na takwimu. Kipimapombe cha barabarani, ambacho watu walikipa jina la alkoblo, kikarejea, kikapingwa mahakamani, kikatungiwa kanuni upya.

Kisha yakafuata misiba iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Tarehe 31 Desemba 2017, kabla ya kucha, basi na lori viligongana Migaa, kwenye barabara ya Nakuru hadi Eldoret, na watu 36 wakafa. NTSA ikapiga marufuku safari za usiku za mabasi, marufuku ambayo baadaye iliondolewa. Tarehe 10 Oktoba 2018 basi jingine lilipinduka Fort Ternan, kaunti ya Kericho, alfajiri, likaua watu zaidi ya 50. Julai 2022 basi lilitumbukia kwenye bonde la mto katika daraja la Nithi, barabara ya Meru kwenda Nairobi, mahali ambapo mteremko mkali hukutana na kona na ambapo watu walikuwa wameshakufa miaka mingi kabla.

Sehemu ya Salgaa, Sachangwan na Migaa inastahili kutajwa peke yake, kwa sababu humo mna makosa na mna jibu pia. Ni mteremko mrefu kwenye njia kuu ya malori yanayotoka Mombasa kwenda Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Dereva aliyechoka huiweka gia huru ili kuokoa dizeli, breki hupata moto na kushindwa, na lori huhamia upande wa pili. Hapo Sachangwan, tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakafa. Kwa miaka mingi jibu lilikuwa vibao vya onyo na vizuizi vya polisi. Mwaka 2018 Mamlaka ya Barabara Kuu iligawanya sehemu hiyo kwa ukuta wa zege. Lori lililopoteza breki halikuweza tena kukutana uso kwa uso na basi linalopanda. Madereva ni wale wale, uchovu ni ule ule, ila kosa la mmoja halikuwa tena hukumu ya watu 40.

Kazi ya ukuta ule ndiyo msingi wa kile wataalamu wanachokiita mfumo salama: binadamu atakosea, na barabara, gari na kasi vipangwe ili kosa lisiue. Taarifa za polisi bado huandikwa kwa msingi mwingine. Chanzo cha ajali huwa ni dereva kupoteza mwelekeo, kupita gari jingine vibaya, au mwenda kwa miguu kutojali. Maneno hayo huweza kuwa kweli yote, lakini hayasemi kwa nini mahali pamoja panaua kila mwezi na kilomita tano mbele hapaui kabisa. Tarehe 30 Juni 2023, kwenye makutano ya Londiani, lori lenye kontena liliacha barabara na kuwavamia wachuuzi, waendesha bodaboda na abiria waliokuwa wakingoja magari. Watu 52 walikufa. Amri iliyofuata ilikuwa ya kuwaondoa wachuuzi kandokando ya barabara kuu. Wachuuzi walikuwa pale kwa sababu matatu husimama pale, na matatu husimama pale kwa sababu barabara zinakutana pale. Steji iliyotengwa na lami, yenye kizuizi cha chuma mbele yake, ingewalinda bila kuwanyima riziki.

Hatua zilizothibitika si za gharama kubwa. Dar es Salaam, shirika la Amend lilianza kukagua mazingira ya shule za msingi ambazo wanafunzi wake waligongwa mara kwa mara. Lilijenga njia za miguu, matuta, vivuko na vizuizi vya nguzo, na kusogeza lango la shule kutoka barabara kubwa lilipoweza kufunguliwa upande mwingine. Watoto walioumia walipungua kwa kiasi kilichopimwa kwa kulinganishwa na shule ambazo hazikuwa bado zimefanyiwa kazi hiyo. Mwaka 2019 mradi huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji, na umeigwa katika nchi nyingine za Afrika. Kilichojengwa ni zege, rangi na nguzo, vitu ambavyo mkandarasi yeyote wa kaunti anavyo.

Aprili 2024 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa taifa wa usalama barabarani wa mwaka 2024 hadi 2028, ambao lengo lake ni kupunguza vifo kwa nusu. Unalingana na muongo wa pili wa Umoja wa Mataifa wa usalama barabarani, wa 2021 hadi 2030. Mwaka wenyewe wa kuzinduliwa ndio ule uliofungwa na vifo 4,748.

Majeruhi wanatajwa kidogo katika mipango hiyo, ingawa ni wengi kuliko wafu. Wanaoandikwa na polisi kuwa wamejeruhiwa vibaya hukaribia 10,000 kila mwaka, na kwao kasoro ya kuhesabu ni kubwa zaidi, kwa sababu mwendesha pikipiki aliyevunjika mguu huenda moja kwa moja hospitali bila kupitia kituo cha polisi. Wengi hufikishwa na matatu, pikapu au pikipiki nyingine, wakibebwa na watu wema wasiojua kushika shingo iliyovunjika. Damu inayotoka ndani huhitaji chumba cha upasuaji ndani ya muda mfupi, na kutoka sehemu nyingi za barabara kuu chumba hicho kiko mbali. Katika wodi za mifupa za hospitali kubwa, mgonjwa wa bodaboda hulala wiki kadhaa akingoja chuma cha kuunganishia paja, kwa kuwa familia bado inachanga. Bima ya lazima ya gari humlipa mtu wa tatu, na sheria imeweka kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Lakini madai yanahitaji namba ya gari, taarifa ya polisi, ripoti ya daktari na wakili, na kesi huchukua miaka. Aliyegongwa usiku na gari lililotoroka hana namba ya kuwasilisha, na gharama ya mguu wake hulipwa kwa kuuza ng'ombe, kipande cha shamba, au kwa mtoto wake mkubwa kuacha shule na kuanza kuendesha bodaboda.